Fulana Tumepewa, Sheria Hatujafundishwa

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu sasa hivi, nimekaa na beseni la maji ya chumvi miguuni. Nilitaka nilale, lakini kuna neno limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitoa. Ni refu, kwa hiyo nitalikata vipande. Kama bando lako ni dogo, soma Sehemu ya 2 na ya 8.

Tarehe 1 Mei 2025 sherehe za Mei Mosi kitaifa zilifanyika hapa kwetu Singida, Uwanja wa Bombadia. Nilikuwepo, nimevaa fulana ya chama na kofia yake. Rais Samia akatangaza kwamba kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Uwanja ulilipuka. Na mimi nilipiga vigelegele, sikatai, maana kuna watu pale ile 130,000 inawabadilishia maisha.

Lakini pembeni yangu kulikuwa na nesi mwenzangu. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, akazidisha mshahara wake wote kwa 35.1. Akaanza kupanga: bati za nyumba, ada ya mtoto, deni la kikoba. Mshahara wake ulikuwa umeshapita 500,000 siku nyingi. Nikamwambia, "Dada, ile ni asilimia ya kima cha chini, siyo ya kila mtu." Akaniangalia kama nimemloga.

Hebu kumbuka 2022. Mwezi Mei ikatangazwa asilimia 23.3. Nchi nzima tukashangilia. Julai slipu za mshahara zikatoka, watu wakalia, wengine wakadhani wameibiwa. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo: 300,000 kwenda 370,000 ndiyo 23.3. Waliokuwa juu ya hapo walipata kidogo kidogo. Miaka mitatu ikapita, tukarudi uwanjani na kosa lilelile, na kikokotoo kilekile mkononi.

Swali langu ni dogo. Kati ya Julai 2022 na Mei 2025, ni nani alikaa na sisi akatueleza tangazo la mshahara linavyosomwa? Chama chako kilikuita lini darasani? Ulisoma wapi?

SEHEMU YA 2

Kuna dada mmoja, nesi kama mimi, alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha mtu binafsi. Sitataja kituo wala wilaya. Siku moja mwenye kituo akamwambia kwa mdomo tu, "Sista, kuanzia kesho usije, hali imekuwa ngumu." Hakupewa barua wala notisi.

Huyu dada ni mwanachama halali wa chama cha wafanyakazi, anakatwa kila mwezi. Akafanya anachotakiwa kufanya mwanachama: akampigia mwakilishi wa tawi. Mwakilishi akamjibu kwa upole, "Dada tulia, tunalifanyia kazi."

Akatulia. Wiki ya pili, ya nne, ya sita. Akaenda kijijini kwao kusaidia kuvuna alizeti ili watoto wale. Mwezi wa tatu, wakili mmoja aliyekuja kuchomwa sindano kwetu ndiye aliyenifungua macho, tena kwa bahati tu, tunapiga stori huku natafuta mshipa. Akasema mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Kanuni hizo ni za mwaka 2007, wala si siri ya serikali.

Nilimpigia yule dada nikiwa nimesimama koridoni. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza, "Sasa hao waliokuwa wananikata hela miaka yote, na wao walikuwa hawajui?"

Hawakujua. Nilimfuata yule mwakilishi wake. Nilikwenda na hasira zangu zote, nikakuta kaka mstaarabu, mtu wa maabara, aliyeinamisha kichwa akasema, "Sista, mimi nilichaguliwa kwa sababu nina pikipiki." Hajawahi kuingia darasa la chama hata siku moja. Alipeleka suala mkoani kwa simu, mkoani wakasema subiri, naye akasubiri. Hakujua siku zinahesabiwa. Wala hakujua kwamba aliyechelewa anaweza kuomba aruhusiwe nje ya muda akieleza sababu za msingi. Na mimi hilo sikulijua wakati ule. Nimelijua baadaye, wakati yule dada ameshakata tamaa na anauza vitenge.

Hakuna mwizi kwenye hadithi hii, na ndiyo maana inaniuma. Angekuwepo mwizi ningemlaani nikalala. Huyu mtu alipoteza haki yake mikononi mwa watu wema ambao hawakufundishwa.

SEHEMU YA 3

Utaniambia elimu ni muhimu kwa kila mfanyakazi, kwa nini nesi ndiye apige kelele. Nakujibu.

Mwalimu, mtu wa kiwandani, mtu wa benki, wote hawa mwisho wa mazungumzo wana kitu wanaweza kushika: sheria inawaruhusu kugoma wakifuata taratibu. Sisi hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 77, inaweka huduma za afya kwenye orodha ya huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, zimamoto na waongoza ndege. Kwenye huduma muhimu, mgomo umezuiwa. Na mimi kwa upande wangu naielewa sababu. Nimesimama usiku na mama anavuja damu baada ya kujifungua; siwezi kumwambia subiri nadai posho.

Lakini fikiria maana yake. Mtu aliyenyang'anywa fimbo anabaki na mdomo. Nesi hana kingine zaidi ya kujua sheria, kuandika dai lake likaeleweka na kusikika nje ya wodi. Sasa kama hajafundishwa na hana pa kusemea, huyo ana nini?

Halafu sikia hili. Kifungu cha 63 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri ampe mwakilishi wa chama likizo ya kiasi, yenye malipo, ili ahudhurie mafunzo yanayohusu kazi yake ya uwakilishi. Yenye malipo! Mwajiri analipa wewe ukasome namna ya kumdai. Mlango uko wazi tangu sheria hiyo ilipoanza kutumika. Waulize wawakilishi wa tawi lako, ni wangapi wamewahi kuupita.

SEHEMU YA 4

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli, Manyoni. Kwenye sanduku lake tulikuta magazeti ya zamani, yamekuwa ya njano, jina lake Mfanyakazi. Lilikuwa gazeti la chama, tangu enzi za NUTA hadi JUWATA. Vijana hamuijui NUTA, ila wazazi wenu wamecheza muziki wake: NUTA Jazz, baadaye JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, leo Msondo Ngoma. Bendi ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Yaani kuna wakati wafanyakazi wa nchi hii walikuwa na gazeti lao na bendi yao. Bendi ipo mpaka leo. Gazeti liko kwenye sanduku la baba.

Ila nisiwadanganye kwa kumbukumbu tamu. Mwaka 1955 wafanyakazi waliunda shirikisho lao, TFL, katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Kawawa. Lilikuwa na mdomo wake. Januari 1964 jeshi likaasi, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa ndani, na Februari sheria ikavifuta vyama vyote, ikaundwa NUTA peke yake chini ya TANU. Katibu mkuu wake akawa anateuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Hebu pima: anayekudaia na anayedaiwa wamevaa shati moja. Gazeti la chama cha namna hiyo lingemwandika nani vibaya?

Ndiyo maana nasema gazeti tulikuwa nalo, lakini gazeti HURU la wafanyakazi hatujawahi kukaa nalo tukalizoea. Vyama vikaja kutenganishwa na chama tawala miaka ya tisini, TUCTA ikaundwa 2001. Tukapata uhuru wa vyama. Sauti tukaisahau sandukuni.

SEHEMU YA 5

Kuna anayesema Mtanzania hasomi, ukimpa karatasi anafungia maandazi. Nimpe historia.

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kiburi, dharau na ukandamizaji. Iliandikwa kwa Kiswahili cha kila mtu, ikasomwa redioni, ikachapwa magazetini. Waliotoa karatasi ile nadhani walitaka ipigiwe makofi. Wafanyakazi wakaisoma kweli. Makuli na watu wa viwandani wakawa wanamnyooshea meneja kidole: ibara ya 15 inasema usitutukane. Ikafuata migomo kiwanda baada ya kiwanda. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakamfungia mwenye kiwanda nje na kukiendesha wenyewe. Profesa Issa Shivji ameyaandika haya vizuri, yatafute.

Ibara moja tu, kwa lugha ya mama, ilitosha. Usiniambie hatusomi. Tunaletewa nini cha kusoma?

Na upande wa pili wa shilingi ni huu. Mwaka 2012 tulikuwa wanafunzi wa uuguzi wakati wa mgomo wa madaktari. Juni mwaka ule Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa anaongoza madaktari, alitekwa na kukutwa msitu wa Mabwepande ameumizwa vibaya sana. Sisi bwenini tulikuwa tunategemea tetesi na magazeti ya kuazimana. Gazeti la MwanaHalisi lililofuatilia habari ile likafungiwa Julai, kwa muda usiojulikana. Mahakama Kuu ndiyo iliyokuja kulifungulia, 2015. Siku lilipofungiwa, habari ya watu wa afya ikabaki yatima, kwa sababu watu wa afya wenyewe hatukuwa na gazeti, redio, wala jarida la kurasa nne. Tulimwachia jirani atusemee. Jirani alipozibwa mdomo, tukawa bubu sote.

SEHEMU YA 6

Sasa tuje kwenye hela, maana najua mtasema hela hakuna.

Kwenye slipu yangu ada ya chama ni asilimia 2. Chukua mtu wa mshahara wa 800,000: ni 16,000 kwa mwezi, 192,000 kwa mwaka. Kituo chenye wanachama 60 wa kiwango hicho, kwa mwaka ni 11,520,000. Kituo kimoja. Ondoa asilimia tano tu ya hizo: 576,000. Pale kwetu hiyo inatosha kulisha chai na wali watu 30 kwa siku mbili, kumlipia nauli mwalimu kutoka Dodoma, na kutoa nakala za vifungu 20 vya sheria vikabanwa kwa pini. Sijagusa hata asilimia 95 iliyobaki.

Tena hata wewe uliyesema hujajaza fomu ya uanachama, tazama slipu yako. Chama chenye wanachama wengi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba na wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala. Sheria inasema fedha hizo ziwekwe akaunti yake, na zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi tu. Chama cha siasa kisipewe hata senti. Hesabu za chama zinatakiwa kukaguliwa kila mwaka, na mwanachama ana haki ya kuziona. Mimi kwa miaka yangu yote kazini sijawahi kuziona zimebandikwa ubaoni. Fulana nimeziona. Ninazo sita. Moja ndiyo napigia deki.

Sikitaji chama changu, kwa sababu ugonjwa huu si wa chama kimoja. Na nisiwe mkosefu wa shukrani: kuna viongozi wamepambana, kuna malimbikizo yamelipwa, kuna watu wamerudishwa kazini. Lakini hata hayo mazuri hatuyajui, maana hakuna pa kuyasoma.

SEHEMU YA 7

Najua mtakachoniambia. Nianze na hili: "Si tuna grupu la WhatsApp?"

Tunalo. Admini ni katibu. Fungua hata sasa hivi uone kilichomo: rambirambi, mchango wa harusi, picha ya viongozi wamekaa meza kuu, na tetesi ya ajira mpya iliyopostiwa mara kumi na nne. Ukiuliza hesabu unaambiwa "leta hoja kwenye vikao". Ukiuliza mara ya pili unaondolewa. Chombo anachokishika yule anayetakiwa kuulizwa hakiwezi kuitwa chombo cha habari. Hilo ni tangazo.

La pili: "Tukianika matatizo ya chama, mwajiri atafurahi."

Mimi ni nesi, nijibu kinesi. Kidonda ukikiogopa ukakifunika bandeji wiki mbili, harufu ndiyo itakayokutangaza. Unakifungua, unakisafisha, mgonjwa anapiga kelele, kesho unakifungua tena. Ndivyo kinavyopona. Mwajiri anajua udhaifu wetu kuliko sisi. Wasioujua ni wanachama.

La tatu: "Utafukuzwa kazi." Siri za wagonjwa sitoi, nyaraka za ofisi sitoi, na wewe usitoe. Lakini kusoma sheria iliyotungwa na Bunge na kuuliza ada yangu imekwenda wapi si kosa. Katiba ibara ya 18 na ya 20 zinanipa uhuru wa maoni na wa kujumuika. Ukiiogopa hiyo, basi unaogopa kivuli chako mwenyewe.

Na wengine wanadhani haya hayawezekani duniani. Marekani kuna jarida linaitwa Labor Notes, lilianza Detroit mwaka 1979. Halimilikiwi na chama chochote, linaandikia wanachama wa kawaida na linawaendeshea mafunzo. Cape Town kuna Workers' World Media Productions, wanatengeneza vipindi vya wafanyakazi kwa ajili ya redio za jamii. Singida redio tunazo, na kila mlinzi, kila mpagazi wa magunia ya alizeti anasikiliza redio.

Huyo mpagazi ndiye ananikosesha usingizi zaidi. Wiki kadhaa zilizopita aliletwa kijana wa kiwanda kimoja cha kukamua mafuta, mashine imekula vidole viwili. Amelipa matibabu kwa hela ya kuchangiwa na wenzake. Nikamuuliza kama ajali imepelekwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Akasema, "Sista, huo mkopo riba yake ngapi?" Mfuko unafanya kazi tangu 2015, unahusu sekta binafsi na ya umma, na mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku saba. Kijana alidhani namuuzia mkopo. Nusu saa ya redio kwa wiki ingemwambia kabla mashine haijamwambia.

SEHEMU YA 8

Nimesema sana, sasa naomba vitu vitatu.

Kwanza, kila tawi lifanye darasa kila baada ya miezi mitatu. Watu wafundishwe kusoma slipu, siku 30 na siku 60, WCF, madai ya uhamisho na kupanda daraja, mkataba wa hali bora unavyojadiliwa. Mwakilishi asiyefundishwa asipewe kura, hata awe na pikipiki tatu.

Pili, asilimia fulani ya ada, iandikwe kwenye katiba ya chama, iende kwenye gazeti au kipindi cha redio cha wafanyakazi. Na wahariri wake wachaguliwe na wanachama, wasiwe viongozi wa chama wala watu wa mwajiri, na ukitaka kuwaondoa iwe kwenye mkutano mkuu. Kipindi cha kwanza kabisa waanze na hesabu za chama chenyewe.

Tatu, hesabu zilizokaguliwa zibandikwe kwenye ubao wa kila kituo, pale pale tunapobandika ratiba ya zamu.

Tukisubiri mkoani watakumbuka, tutazeeka. Sisi wachache kwetu tumeshaanza. Kila Alhamisi, zamu ya mchana ikiisha, tunakaa chini ya mwarobaini, nesi watatu, mhudumu mmoja, mlinzi, na dada wa kufua mashuka. Tunasoma kifungu kimoja, kila mtu anaeleza kwa maneno yake mpaka mlinzi aseme ameelewa. Hatuna fulana. Wiki ya nne alikuja yule kaka wa maabara kwa pikipiki yake, akakaa pembeni. Nikampa karatasi asome yeye. Alisoma kanuni ya siku 30, akafika katikati sauti ikamkatika, akaanza upya. Hakuna aliyemcheka.

Kesho ukifika kazini mwulize mwakilishi wako maswali matatu. Umesomea wapi uwakilishi? Hesabu za mwaka jana ziko wapi? Mtu akiachishwa kazi leo, ana siku ngapi? Akishindwa la tatu usimtukane, mwambie wewe. Halafu msome pamoja.

Maji ya beseni yamepoa. Usiku mwema, na mlio zamu, Mungu awape nguvu.